Mbegu ya Mahindi Katika Nchi ya Laare

Laare, katika milima ya Nyambene, husifika kwa miraa; lakini mahindi ndiyo chakula cha watu, na mvua za Machi na za Oktoba zinapokaribia, kila nyumba hujiuliza: mbegu itoke wapi?

Zamani ilitoka ghalani. Mahindi manene yalichaguliwa wakati wa mavuno, yakatundikwa juu ya moshi wa meko ili wadudu wasiyale. Lakini mwaka wa njaa hata mbegu ililiwa, na mvua iliponyesha shamba likakosa cha kupandwa.

Mwaka 1964 mbegu chotara za kwanza, kama H611, zilitolewa Kitale. Embu nako ikapatikana H511. Tangu hapo wakulima wengi hununua mbegu dukani. Chotara huzaa sana, lakini punje zake zikipandwa tena mazao hupungua. Hivyo sharti inunuliwe kila msimu.

Kiasi kinachotosha ekari moja ni kilo 10, yaani sehemu moja katika tisa ya gunia la kilo 90. Mistari ikiachana sentimeta 75 na mashimo sentimeta 30, punje moja kila shimo, ekari hupata miche kama 18,000. Atiaye punje tatu hutumia mbegu mara tatu, na miche yake hugombea maji na mbolea, ikazaa mahindi membamba.

Basi mkulima mwenye busara hupima mbegu yake, na fedha ya kuinunulia huiweka kando siku ya mavuno, kama wazee walivyoitundika ya kwao motoni.