Nuru na Rangi katika Ufuo wa Bamburi: Fizikia kwa Msamiati Tulio Nao

Utangulizi

Anayesimama katika ufuo wa Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, mnamo saa nne asubuhi siku ya jua huona bahari yenye rangi mbili. Karibu na mchanga, ndani ya mwamba wa matumbawe, maji ni ya rangi ya feruzi iliyopauka. Ng'ambo ya mwamba, baada ya pale mawimbi yanapovunjika, maji ni ya buluu iliyokoza. Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa sababu yake, mara nyingi hujibu kwamba bahari huakisi rangi ya mbingu. Jibu hilo lina kasoro iliyo wazi: mbingu iliyo juu ya maji hayo mawili ni moja.

Makala haya yananuia kueleza misingi ya fizikia ya nuru na rangi kwa mifano ya Bamburi. Aidha, yatajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha kuieleza mada hii, ingawa kuna mahali ambapo msamiati huo humpoteza mwanafunzi asipotahadharishwa. Suala hili si la nadharia tupu. Katika shule za upili nchini Kenya fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi huweza kuikariri fasili na kupata alama zote pasipo kuihusisha na bahari anayoiona kila siku.

Nuru ni Nini?

Nuru ni nishati inayosafiri kwa mawimbi. Kasi yake katika ombwe ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, hivi kwamba nuru ya jua huchukua kama dakika 8 kutufikia. Umbali kutoka kilele cha wimbi moja hadi kilele cha wimbi linalofuata huitwa urefu wa wimbi. Macho ya binadamu huona mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Mawimbi marefu zaidi kati ya hayo huonekana kuwa mekundu, na mafupi zaidi huonekana kuwa ya urujuani. Rangi nyingine hupangika katikati.

Nuru ya jua tunayoiita nyeupe ni mchanganyiko wa mawimbi hayo yote. Isaac Newton alilidhihirisha jambo hili katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1672. Aliupitisha mwali wa jua katika mche wa kioo, ukachanuka kuwa rangi mbalimbali. Kisha aliukusanya mkanda huo wa rangi kwa lenzi, na nuru nyeupe ikarejea.

Nuru inapokutana na kitu, mambo manne huweza kutokea: kuakisiwa, kufyonzwa, kupinda na kutawanyika. Kanzu nyeupe huakisi karibu mawimbi yote, ilhali buibui jeusi huyafyonza karibu yote, ndiyo maana hushika joto juani. Majani ya mivinje, ambayo ilipandwa kuanzia mwaka 1971 katika machimbo ya zamani ya saruji yaliyo leo Haller Park, hufyonza zaidi nuru nyekundu na ya buluu na kuirudisha ya kijani. Upondo wa nahodha wa dau huonekana kana kwamba umevunjika pale unapoingia majini, kwa sababu nuru hupinda inapotoka majini na kuingia hewani. Kwa sababu hiyo hiyo, maji yenye kina cha mita moja, yakitazamwa kutoka juu, huonekana kuwa na kina cha sentimita 75 tu.

Kwa Nini Bahari Ina Rangi Mbili?

Maji safi hufyonza nuru nyekundu zaidi kuliko ya buluu. Katika glasi tofauti hiyo haionekani, kwa kuwa nuru hupita sentimita chache tu. Ndani ya mwamba, penye kina cha mita chache, nuru hushuka hadi kwenye mchanga mweupe wa matumbawe yaliyosagika, kisha ikarudishwa juu. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi sehemu ya nyekundu hupotea. Kijani na buluu hubaki, na macho huziunganisha kuwa feruzi.

Ng'ambo ya mwamba sakafu iko mbali mno. Nuru inayoturudia kutoka huko ni ile iliyotawanywa na maji yenyewe kabla ya kufika chini, na buluu ndiyo hutawala. Mzamiaji anayeshuka mita 20 humwona samaki mwekundu kuwa wa kijivu. Akimmulika kwa tochi, wekundu hurejea.

Ifahamike kwamba dai la kuakisi mbingu halikuwa la wanafunzi peke yao. Lord Rayleigh, aliyeeleza mwaka 1871 jinsi hewa inavyoitawanya nuru ya jua, naye aliichukulia buluu ya bahari kuu kuwa ni mbingu iliyoakisiwa. C. V. Raman wa India, akiwa melini katika Bahari ya Mediterania mwaka 1921, aliyatazama maji kupitia kifaa kinachozuia nuru iliyoakisiwa. Buluu haikutoweka, bali ilizidi kukoza. Utafiti alioanza hapo kuhusu kutawanyika kwa nuru ulimfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Alfajiri na Upinde wa Mvua

Hewa hutawanya mawimbi mafupi kuliko marefu: wimbi la nanomita 400 hutawanywa zaidi ya mara 9 kuliko la nanomita 700. Kwa hiyo mbingu ya mchana ni ya buluu. Jua linapochomoza baharini Bamburi, nuru yake hupita katika hewa nyingi zaidi. Buluu hutawanyika njiani, na nyekundu hutufikia.

Upinde wa mvua nao hutokea nuru inapoingia katika tone la maji, ikapinda, ikaakisiwa ndani ya tone, kisha ikapinda tena inapotoka. Kila rangi hupinda kwa kiasi chake, na upinde huonekana upande ulio mkabala na jua, kwa pembe ya nyuzi 42 hivi. Ndiyo sababu mtu aliye ufuoni Bamburi huuona juu ya bara asubuhi na juu ya bahari jioni, wala hauoni adhuhuri jua liwapo utosini.

Msamiati: Msaada na Mtego

Lugha yetu inasaidia. Kitenzi pinda kinachoeleza mwenendo wa nuru majini ndicho kilichozaa jina upinde. Hata hivyo, kuna mitego mitatu.

Kwanza, neno rangi hutaja kile tunachokiona na pia kile tunachopaka ukutani. Nuru nyekundu na ya kijani zikichanganywa huzaa manjano, kama ilivyo katika skrini ya simu. Rangi za kupaka za aina hizo zikichanganywa huzaa hudhurungi, kwa sababu kila moja hufyonza nuru ambayo nyingine ingeirudisha. Inafaa mwalimu atenganishe rangi ya nuru na rangi ya kupaka.

Pili, vivumishi vya rangi vinavyochukua upatanisho wa ngeli ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Kati ya hivyo, ni -ekundu pekee chenye nafasi katika upinde wa mvua. Nyeupe ni jumla ya rangi, na nyeusi ni ukosefu wa nuru. Rangi nyingi nyingine zimeazima majina ya vitu: kijani kutoka jani, kijivu kutoka jivu, kahawia kutoka kahawa.

Tatu, samawati asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Tunaposema bahari ni ya rangi ya samawati, tunailinganisha na mbingu. Mwanafunzi huweza kudhani tunamwambia rangi hiyo imetoka mbinguni.

Hitimisho

Makala haya yamedhihirisha kwamba kuakisi, kufyonza, kupinda na kutawanya ni maneno yanayotosha kueleza rangi za Bamburi. Kazi iliyobaki ni yetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili: kushirikiana na walimu wa sayansi ili maneno haya yatumiwe kwa maana moja thabiti, na kuibainisha mitego kabla mwanafunzi hajanaswa. Hapo atakayeulizwa kuhusu bahari ataanza kwa kuitazama.