Kumbikumbi na rangi ya taa: nyeupe iwe uani, ya njano ghalani

Ndugu mkulima, habari za mvua? Huku Nangurukuru zikishadondoka zile za kwanza, kumbikumbi nao wanatoka. Kwa mfugaji wa kuku ni neema, ila taa ikikaa vibaya ni hasara.

Msimu uliopita mama mmoja mfugaji aliniita. Taa yake nyeupe ilikuwa juu ya mlango wa ghala la mahindi. Asubuhi mbawa zimejaa mlangoni, na nguzo mbili zina udongo wa mchwa.

"Bwana shamba, hawa si chakula tu?"

Nikamwambia ni chakula, lakini ndio mchwa wenyewe, dume na jike wanaotafuta pa kuanzisha kichuguu. Wakipukutisha mbawa wanatembea wawili wawili, kisha wanajichimbia ardhini. Wengi huliwa na ndege, vyura na kuku. Ule udongo wa nguzoni ulikuwa wa mchwa wa zamani, sasa kwa nini uwaitie wenzao?

Jioni ile tukajaribu balbu tatu, moja moja, dakika kumi kila moja. Nyeupe ilijaza beseni. Ya njano walikuja wachache. Nyekundu, yaani walipita tu. Tukarudia kwa kuanza na nyekundu, maana kumbikumbi hupungua kadiri muda unavyokwenda. Majibu yakawa yale yale.

Sababu ni macho. Wadudu wengi huona vizuri mwanga wa bluu na ule wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni, lakini nyekundu hawaioni vizuri. Balbu nyeupe ya LED ina bluu nyingi ndani yake.

Fanya hivi:

1. Taa nyeupe itundike uani, mbali na nyumba na ghala. Chini weka beseni la maji.
2. Ghalani na barazani tumia ya njano, au zima kabisa wakati wanaruka.
3. Usiokote palipopuliziwa dawa. Sumu itaingia kwa kuku, kisha kwako.
4. Wape kuku kwa kiasi, wana mafuta mengi. Wanaobaki wakaange au waanike siku hiyo hiyo, wanaoza haraka.
5. Nguzo zikague kila mwezi, ukiona udongo ubomoe na unite.

Yule mama alihamisha taa. Nguzo mbili amebadilisha, na mahindi yake yako salama.

Ukiniona njiani na pikipiki, nisimamishe tuongee.