Jogoo na Simba Katika Mfuko Mmoja

Juma lililopita mjukuu wangu wa miaka minane alirudi kutoka safari ya shule huko Bamburi, naye kifuani amebandika beji ya duara, kubwa kama kifungo cha koti. Ndani yake mlikuwa na picha ya kiboko amejilaza ubavuni mwa kobe. Alinipa mkono, akaniamkia, kisha akanitupia swali nisilolitarajia: "Babu, naweza kuswali nayo?"

Wasomaji wapenzi, swali hilo lilinirudisha nyuma zaidi ya miaka thelathini, hadi kwenye jambo ambalo sijapata kulieleza hadharani. Lakini kwanza na tuitazame beji yenyewe, maana ni kitu kidogo chenye historia ndefu.

Haki ya uvumbuzi wa beji za namna hii ilipatikana mwaka 1896 na kampuni ya Whitehead and Hoag ya mji wa Newark, Marekani. Ufundi wake ni huu: huchukuliwa kipande cha bati cha duara, juu yake ikawekwa karatasi yenye picha, na juu ya karatasi ukatandazwa utando mwembamba unaong'aa. Kando zake hupindwa nyuma zikabanwa kwa pete ya chuma, na ndani ya pete hiyo hukaa waya wenye ncha. Utando wa siku hizo uliitwa seluloidi, nao ulitengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi ikachanganywa na kafuri. Kafuri hiyo hiyo tunayowatilia maiti wetu.

Mwaka huo huo William McKinley na William Jennings Bryan walikuwa wakigombea urais, na beji zikatapakaa vifuani mwa watu. Wanyama nao hawakukosa nafasi. Ndovu wa chama cha Republican alipata umaarufu kwa mkono wa mchoraji Thomas Nast mwaka 1874. Punda wa Democratic asili yake ni matusi: mwaka 1828 maadui wa Andrew Jackson walimwita punda, naye badala ya kukasirika akalipokea jina. Kwetu Pwani ukimwita mtu punda umetafuta ugomvi. Wenzetu humbandika kifuani wakatembea naye.

Sasa turudi Mombasa. Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani katika Mji wa Kale. Kwenye koti lake alivaa beji ya jogoo wa KANU. Chama hicho kiliundwa mwaka 1960, na kwa baba jogoo yule alikuwa ndiye uhuru wenyewe. Aliiona bendera ya Mwingereza ikiteremshwa mwaka 1963, na hakutaka kusikia neno jingine.

Kuanzia mwaka 1982 sheria haikuruhusu chama kingine chochote, hadi ilipobadilishwa Disemba 1991. Mwaka uliofuata vyama vikafumuka. Hapa kwetu Islamic Party of Kenya kilinyimwa usajili, mji ukachafuka, na wengi wa waliokiunga mkono wakaelekea FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo alama yake ni simba. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 23, sina kazi, nina hasira. Nikavaa simba.

Siku moja niliingia dukani kwa baba, wateja wamejaa. Mmoja akanitania kuhusu beji yangu, nami kwa ujinga wa ujana nikajibu kwa sauti, "Jogoo ni kitoweo cha simba!" Watu wakacheka. Baba aliweka mkasi chini taratibu, akasema, "Toka dukani mwangu."

Wiki tatu hatukusemezana. Sinia iliandaliwa, yeye akila mimi hutoka, nami nikila yeye huwa amekwisha lala. Mama alikuwa akituchukulia maneno kama tarishi baina ya wafalme wawili.

Ijumaa moja tulikutana mlangoni pa msikiti. Desturi ya baba ilikuwa kuivua beji yake kabla ya swala, kwa kuwa ina sura ya chenye roho. Siku hiyo pini ilikwama. Mikono yake, ambayo maisha yake yote ilitunga uzi kwenye sindano, ilikuwa ikitetemeka, na waya ukamchoma kidole. Nilisogea, nikamfungulia. Hakunizuia. Alipoona damu imekauka kidoleni, akaniuliza, "Na simba wako?"

"Ninaye hapa, baba."

"Mlete."

Nikaivua nikampa. Akaitia beji yangu pamoja na yake katika mfuko wa kanzu, akasema, "Wakalane humo." Tukaingia, tukasimama safu moja, bega kwa bega, na vifuani mwetu hamna mnyama.

Uchaguzi ulifanywa tarehe 29 Disemba 1992. Moi akabaki Ikulu, na hapa Mombasa simba naye akapata viti vyake. Baba hakuwika. Nami usiku ule niliandika ubeti huu, nikauacha juu ya cherehani yake:

Jogoo na simba wote, ni bati na karatasi,
Siku kutu iwapate, rangi huwatoka basi,
Mwana kwa baba apite, amwamkie upesi,
Chuki ya beji tufute, undugu ndio libasi.

Simba wangu hakunirudishia, nami sikumdai. Alipofariki tulifungua mkebe wake wa vifungo, na ndani yake, juu ya kipande kimoja cha kitambaa, tukawakuta jogoo na simba wamebandikwa ubavu kwa ubavu. Kutu ilikuwa imekwisha waanza.

Basi mjukuu wangu nilimjibu hivi. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza pazia lenye picha liondolewe kwa kuwa lilimshughulisha katika swala. Wanazuoni wana maneno mengi juu ya picha ndogo. Lakini babu yako mkuu aliivua, akaitia mfukoni, akaswali moyo wake umetulia. Nawe fanya hivyo.

Kisha nikamsimulia juu ya wanyama wake wawili. Kiboko ni Owen, aliyeachwa peke yake karibu na Malindi baada ya gharika ya tsunami ya Disemba 2004, akaletwa Bamburi, akajitafutia mzazi kwa kobe mzee aliyeitwa Mzee. Hawakuwa wa kabila moja, na walilala pamoja.

Adhana ya alasiri ilipoadhiniwa, mtoto aliivua beji yake mwenyewe, akanipa nimtilie mfukoni.