Chujio la bure kwenye simu ya mtoto lina kikomo

Likizo ya Desemba ikianza, maduka ya simu ya Kariakoo, hasa Mtaa wa Aggrey, hupokea wazazi wanaowanunulia watoto simu. Baadhi humwomba kijana wa dukani awawekee "kitu cha kuzuia mambo ya ajabu". Kijana anabonyeza hapa na pale, anafungua akaunti ya bure, na mzazi anaondoka akiwa ametulia.

Shida huja wiki ya tatu.

Kabla simu haijafungua ukurasa wowote, huuliza kwanza anwani yake. Chujio ndilo linalojibu swali hilo, na ukurasa usipofaa, linakataa kuutolea anwani. Kila swali linahesabiwa. NextDNS, kwa mfano, inatoa maswali 300,000 kwa mwezi bila malipo. Ukisikia unaona ni mengi. Lakini programu zenye matangazo huuliza hata simu ikiwa mfukoni, na runinga ya kisasa nayo haipumziki. Chukua nyumba ya Gerezani yenye simu nne na runinga moja. Kila kifaa kikiuliza mara 3,000 kwa siku, jumla ni 15,000. Siku ya 20, mgao umekwisha.

Bando likiisha, hakuna asiyejua: ujumbe unaingia, picha zinagoma. Hapa intaneti inaendelea kwa kasi ileile, ila kuzuia kumekoma mpaka mwezi mwingine. Mtoto anaweza kugundua kabla yako.

Kampuni imeyaandika haya waziwazi, kwa hiyo siwezi kuuita utapeli. Ila mzazi mwenzangu, nani husoma masharti akiwa amesimama dukani huku bodaboda inampigia honi?

Kwanza, hakikisha akaunti ina barua pepe yako, si ya fundi. Ukiingia humo utaona idadi ya maswali yaliyotumika. Itazame katikati ya mwezi. Simu za watu wazima na runinga zikitolewa kwenye akaunti hiyo, mgao wa mtoto unadumu zaidi.

Asiyetaka kuhesabu anaweza kutumia huduma ya familia ya Cloudflare, iliyoanza Aprili 2020. Ni ya bure, haina akaunti wala mgao wa mwezi. Kwenye Android, kuanzia toleo la 9, fungua mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya Faragha, kisha andika family.cloudflare-dns.com. Inazuia kurasa za ngono na zenye virusi, basi. Huwezi kuiongezea TikTok wala kuipangia saa za kulala.

Na picha anayotumiwa kwenye kundi la WhatsApp itapita tu, kwa chujio la bure au la kulipia. Hiyo mtaizungumza ninyi wawili, mezani, kabla simu haijatoka kwenye boksi.