Labrador Sebuleni

Wengi wetu tulilelewa tukijua mbwa wa aina mbili: koko wa majalalani, na yule wa getini, anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku, ambaye kibao cha "Mbwa Mkali" humsemea hata akiwa amelala. Tukienda likizo Mombasa au Dar es Salaam tunawakuta walewale. Tukirudi huku Uingereza tunakuta mbwa analala kwenye zulia, ana daktari wake na bima yake. Na mara nyingi mbwa huyo ni Labrador. Muhula huu tumemzungumza sana klabuni, maana nyumba kadhaa za wenzetu zinabishana juu yake: watoto wanamtaka, wazazi hawamtaki. Basi tukaona tuulize, huyu Labrador ana nini hasa?

Jina lake linapotosha kidogo. Asili yake ni kisiwa cha Newfoundland, mashariki ya Kanada. Wavuvi wa huko walikuwa na mbwa wenye manyoya mafupi, mazito, yasiyopitisha maji upesi, na mkia mnene kama wa fisi maji. Waliruka kwenye maji ya baridi kali, wakarudisha samaki waliochomoka na kusaidia kuvuta nyavu. Mwanzoni mwa karne ya 19 meli za samaki ziliwaleta hadi bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza, na mabwana wakubwa wapenda kuwinda, kama Earl wa Malmesbury na Duke wa Buccleuch, wakaanza kuwazalisha. Kennel Club iliwatambua rasmi mwaka 1903.

Kazi waliyopewa hapa ndiyo inayoeleza mengine yote. Mwindaji akimpiga bata, mbwa hukaa kimya mpaka aambiwe, kisha huenda kumleta bata huyo mdomoni bila kumtafuna. Kwa kazi hiyo walichaguliwa, kizazi baada ya kizazi, mbwa wenye mdomo laini, wanaomtazama binadamu usoni kungoja neno, wasiogombana na mbwa wengine wala na wageni. Mtoto wa miaka minne akimshika mkia, Labrador aliyelelewa vizuri mara nyingi huondoka zake tu. (Hata hivyo, mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote.) Mbwa wa getini alichaguliwa kwa sababu hamwamini mtu. Labrador alichaguliwa kwa sababu anamwamini karibu kila mtu. Ndiyo maana kama mlinzi hafai sana: atabweka, kisha atamletea mwizi kiatu.

Tabia hiyohiyo ndiyo inayomfanya awe mbwa kiongozi wa watu wasioona. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulikubali mbwa kiongozi wa muumini asiyeona aingie hadi ukumbi wa mlangoni, apumzike hapo wakati mwenyewe anasali. Na umaarufu wake si wa Uingereza tu. Kule Marekani aliongoza orodha ya American Kennel Club kwa miaka 31 mfululizo kuanzia 1991, mpaka French Bulldog alipompita mwaka 2022. Huku kwetu, tangazo la karatasi za chooni za Andrex limemtumia mtoto wa Labrador tangu 1972, na tunashuku kwamba baadhi ya wadogo zetu walimpendea hapo.

Tangazo halionyeshi manyoya. Yanapukutika mwaka mzima, kwenye kochi, kwenye kanzu, hata kwenye sufuria ya wali. Mtoto yule hukua akafika kilo 25 hadi 36, na Kennel Club hupendekeza atembezwe zaidi ya saa mbili kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe. Halafu kuna njaa. Watafiti wa Cambridge walionyesha mwaka 2016 kwamba karibu robo ya Labrador wana kasoro kwenye jeni iitwayo POMC, ambayo huwafanya wasisikie kushiba vizuri. Wanaponenepa, nyonga na viwiko, ambavyo tayari ni udhaifu wao, huumia zaidi. Ukimwonea huruma ukampa chapati kila anapokutazama, unamharibia miguu.

Kwa nyumba zetu za Waislamu wa pwani liko jambo jingine. Wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Madhehebu ya Maliki hayaoni hivyo. Tumesikia vijana wakiwarushia wazazi hoja ya Maliki mezani, lakini ushindi wa namna hiyo haumsaidii mtu anayesali kwenye zulia lilelile.

Bibi wa mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Lamu, alipoambiwa mjukuu wake mdogo anataka Labrador, hakusema mbwa ni mbaya. Aliuliza: "Nyinyi mnatoka saa mbili asubuhi, mnarudi saa kumi na mbili jioni. Huyo kiumbe wa Mungu atakaa na nani? Na mimi nitasali wapi?"

La pili lina majibu: chumba kisichoingiwa na mbwa, mlango unaofungwa. La kwanza ni gumu zaidi, na ndilo ambalo vituo vya kuwatafutia mbwa makazi mapya huuliza pia. Mbwa aliyezoeshwa kumtazama mtu usoni siku nzima, ukimfungia peke yake saa kumi, hutafuna milango na kulia. Kwa sasa kijana huyo anamtembeza Labrador wa jirani kila Jumamosi, na hubadilisha nguo kabla ya kuingia ndani. Bibi humtazama dirishani. Anamwita "yule mnene".

Kwa wale ambao nyumbani yupo mtu wa kukaa naye, na wameshaamua: tangu Aprili 2020 sheria ya England imekataza madalali kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita. Ukinunua, nenda kwa mfugaji mwenyewe, mwone mtoto akiwa na mama yake, na uombe karatasi za vipimo vya nyonga na viwiko vya wazazi wote wawili kabla hujatoa pesa. Muuzaji akitaka mkutane kwenye maegesho ya supamaketi, usiende.