Piko Si Hina

Wengi wanaoiogopa tatuu kwa kuwa haifutiki hawana hofu yoyote na piko. Maua meusi anayochorwa bibi harusi mikononi na miguuni huko Unguja, Mombasa na Lamu, na ambayo watalii huchorwa ufukweni, hufifia baada ya wiki chache, basi huhesabiwa kuwa urembo usio na madhara. Hesabu hiyo ina kasoro: rangi huondoka, lakini mzio unaoweza kuletwa na piko hubaki mwilini.

Hina yenyewe haina lawama. Ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa, na rangi yake huanza kama ya chungwa, kisha hukolea hadi hudhurungi. Weusi wa piko mara nyingi hutokana na kanta, yaani rangi ya nywele, ambayo kwa kawaida ina kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya unataka PPD isizidi asilimia 2 katika rangi inayopakwa nywele, na haukubali ipakwe kwenye ngozi. Mchoraji wa piko hana kipimo. Huipaka juu ya ngozi na kuiacha ikauke hapo hapo. Mwili ukiikataa, ngozi huwasha, huvimba na kutoka malengelenge, pengine siku kadhaa baadaye, na huweza kubaki na makovu au mabaka. Tena mzio huo ni wa maisha. Mtu akipaka kanta miaka mingi baadaye, huenda akavimba uso na kichwa, na hata baadhi ya dawa za ganzi na rangi za nguo zikamdhuru.

Watasema bibi zetu walijipamba hivi hivi. Lakini urembo wa kale ni hina. PPD ni zao la kiwandani, lililoingia katika rangi za nywele Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Wengine watasema wamechorwa mara nyingi na hawajadhurika. Mzio huweza kuanza baada ya mwili kukutana na kemikali hiyo kwa miaka, kwa hiyo usalama wa jana si dhamana ya leo. Na riziki ya wachoraji je? Hina nayo inalipa, na ustadi wa mkono ni ule ule. Basi kabla ya kunyoosha mkono, uliza kilichochanganywa. Ukiambiwa itakuwa nyeusi tii kwa muda mfupi, kataa, na mtoto usimpake piko kamwe.