Kwa nini injini kubwa za kupozwa kwa upepo zimetoweka porini

Januari 1979, Mfaransa Cyril Neveu aliingia Dakar akiwa mshindi wa mbio za kwanza za Paris–Dakar. Alipanda Yamaha XT500, pikipiki ya silinda moja na kabureta moja, isiyo na rejeta wala pampu ya maji. Joto la injini lilitolewa na mapezi ya silinda yaliyopigwa na upepo wa safari. Mwaka uliofuata alishinda tena kwa pikipiki ya aina hiyohiyo. Baadaye Honda walileta XR600R, iliyotengenezwa kuanzia 1985 hadi 2000 na kutamba jangwani Baja California. Leo hakuna kiwanda kikubwa cha Japani kinachounda pikipiki ya mashindano ya porini yenye injini ya namna hiyo.

Wengi huilaumu sheria ya moshi. Sheria ina sehemu yake, lakini ilikuja mwisho. Chanzo ni joto lenyewe.

Silinda ikikuzwa, mafuta yanayoungua ndani yake huongezeka haraka kuliko eneo la nje la kutolea joto. Ndiyo maana bodaboda ya cc 125 hushinda juani na abiria bila kulalamika, lakini injini ya cc 600 ikipandishwa mlima wa mchanga kwa gia ya kwanza huchemka: kazi ni nzito, mwendo ni mdogo, na upepo haupo. Wahandisi walilijua hilo. Waliacha nafasi pana kidogo kati ya pistoni na silinda ili pistoni ikitanuka isijam, na wakaweka petroli nyingi kwenye mchanganyiko, kwa kuwa ile ya ziada hupoza chumba cha mwako. Injini zikadumu miaka na miaka. Gharama yake ilitokea kwenye ekzosi: petroli isiyoungua, pamoja na oili iliyopenya kwenye ringi.

Maji yaliondoa kikwazo hicho. Mwaka 1997 Doug Henry alishinda fainali ya supercross mjini Las Vegas akiendesha Yamaha ya majaribio ya cc 400, yenye mipigo minne na kupozwa kwa maji. Mwaka 1998 ndugu yake, YZ400F, ilikuwa madukani, ikizunguka zaidi ya mara 11,000 kwa dakika. Honda wenyewe walipoibadilisha XR600R mwaka 2000, mrithi wake XR650R alikuja na rejeta. Uamuzi ulikuwa umeshapita kabla Ulaya haijakaza masharti. Euro 5, iliyoanza 2020 kwa aina mpya za pikipiki, inataka haidrokaboni zisizidi gramu 0.1 kwa kilomita. Injini ambayo joto lake hupanda na kushuka kila kona hulifikia lengo hilo kwa taabu na kwa gharama.

Siwezi kuutetea moshi ule. Lakini kilichopotea ni kikubwa, na anayekijua vizuri ni fundi aliye mbali na mji. Kurekebisha vali za XR ya zamani kulihitaji spana, bisbisi na fila geji: unafungua vifuniko vidogo, unalegeza nati, unageuza skrubu mpaka nafasi iwe sawa, unakaza. Kwenye injini za mashindano za sasa, mara nyingi unang'oa kemshafti ili kubadilisha kisahani chembamba cha kipimo maalumu, na kisahani hicho kisipokuwepo dukani, pikipiki inalala. Tena jiwe moja likitoboa rejeta katikati ya pori, safari imeishia hapo. Viwanda vilimfuata mnunuzi wa mashindano na wa barabara za Ulaya, vikamwacha mtu anayehitaji nguvu ya kubeba mzigo mahali pasipo na vipuri.

Pikipiki kubwa chache za kupozwa kwa upepo bado zipo. Honda XR650L, ya tangu 1993, bado inauzwa Marekani ikiwa na kabureta yake, na Suzuki DR650, inayosaidiwa na kipoza oili, ipo pia. Masharti ya huko hayajafikia kiwango cha Ulaya. Honda CRF250F nayo imeunganisha mapezi na mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta, kwa hiyo katika injini ndogo njia ipo. Kuifikisha njia hiyo kwenye cc 600 kungehitaji fedha nyingi za utafiti, na wanaoihitaji zaidi pikipiki hiyo ni wachache, wametawanyika, na wengi wao hununua mitumba.